Farasi Mia Tano na Mtoto Mmoja

Kutus, Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Wairimu,

Umeenda kusukwa nywele, na huyo msusi wako wa karibu na stendi akishakushika kichwa hakuachilii mpaka jioni. Kwa hivyo niko na nafasi. Nakuandikia kwa sababu nikikuambia kwa mdomo utanikatiza. Utasema, "Mum, wacha basi," halafu utaanza kuosha vyombo kwa kelele. Barua hii nitaiweka ndani ya kiatu chako cha kazi, kile cha kulia, ili usijifanye hukuiona. Isome leo, kabla hujaondoka. Usingoje kuisoma barabarani, itakuwa imechelewa.

Sitakwambia ubebe sweta. Sitakwambia usibebe watu usiowajua, wala ulale wapi, wala ule wapi. Umepeleka mchele kutoka Wang'uru mpaka Nanyuki na lori za watu miaka yote hii bila mimi kukushika mkono, na leseni yako haina doa. Nataka kukwambia jambo moja tu, na linamhusu mtoto wako. Lakini siwezi kulifikia bila kupitia kwenye gari kwanza, kwa hivyo nivumilie.

Ona, nimeinuka tena. Trela imepita barabara ya Sagana na nikajikuta niko kwenye geti kabla sijajua nimetoka kwenye kiti. Huyo dereva amepunguza gia mapema mno. Tangu asubuhi niko hivi, nakaa, naamka, naangalia kuku ambao hawana shida yoyote. Ukienda nitakaa wapi mimi? Lakini hiyo si kazi yako, ni yangu.

Jumanne uliponipeleka Sagana kuiona hiyo gari ya safari ndefu uliyopewa, sikusema mengi, ukafikiri nimenuna. Ulikuwa umeiegesha pale kituo cha petroli, kichwa cha trela kipya kabisa, chekundu, na wewe umesimama kando yake kama bibi harusi. Ukanisaidia kupanda zile ngazi. Ukanionyesha kitanda, ukanionyesha friji ndogo, ukanionyesha ile skrini inayosema kila kitu. Halafu ukaniambia, "Mum, kaa kwa usukani. Kanyaga kidogo tu uskie."

Nikakanyaga. Ngai! Haikunguruma hata. Ilivuta pumzi tu, na kiti kikatetemeka kidogo chini yangu, na nikajua kwamba nyuma ya huo mguu wangu mzee kuna nguvu za farasi mia tano na arobaini zinangoja kuambiwa. Uliniona nimefumba macho ukauliza kama ni sukari imeshuka. Nikakubali ni sukari, ukanikimbilia soda. Haikuwa sukari, Wairimu. Ilikuwa wivu. Nilikuonea wivu wewe mtoto wangu wa kuzaa, nikanywa soda ile yote nikikuonea wivu.

Watu husema dereva anapenda gari kubwa kwa sababu ya maringo. Hao hawajawahi kupanda mlima na gari isiyo na nguvu. Mimi nilianza na ile lori ya bluu ya kinu cha mchele, hukuijua, ilikuwa na nguvu za farasi mia moja na kitu, na nusu ya hao farasi walikuwa wamekufa. Ukitoka Sagana kwenda Karatina na mzigo, kila mlima ni kuomba. Unapanda polepole hadi utingo wangu, Otieno, alikuwa anashuka na kutembea kando ya gurudumu ameshika kigingi cha mbao, tayari kukiweka nyuma ya tairi gari ikishindwa. Nyuma yako kuna msururu wa magari madogo yanapiga honi. Mtu akipata nafasi ya kukupita anafungua kioo akutusi, na akiona ni mwanamke anaongeza. "Kwani jikoni kumefungwa?" Hilo nimelisikia mpaka nikaacha kuhesabu. Nilikuwa nafika Nyeri nikiwa nimechoka mwili mzima, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nasukuma.

Halafu nikapata ile kazi ya trela ya kwenda Malaba, Kampala, hata Kigali. Siku ya kwanza walinipa kichwa chenye nguvu, si kama chako, lakini kwa wakati huo kilikuwa moto. Nikaupanda mlima wa Timboroa na kontena mgongoni. Nilikuwa nimeshauma meno kama kawaida yangu. Nikakanyaga, na mlima ukapita. Ukapita tu! Nikapita lori mbili, nikampita na jamaa mmoja mwenye gari dogo aliyekuwa anasinzia, na nikacheka peke yangu kwa sauti mpaka Otieno akaniuliza kama niko sawa.

Nilikuwa sawa. Maisha yangu yote watu walikuwa wameniambia ningoje. Baba yangu alisema ningoje kaka zangu wamalize shule. Baba yako alisema nimngoje, kisha akaenda kuoa Embu. Hapo Timboroa hakuna mtu aliyeniambia ningoje. Nilikuwa niko juu kuliko wote, nina mzigo mzito kuliko wote, na bado ninapita. Hiyo ndiyo raha yenyewe, na najua unaijua, kwa sababu Jumanne niliona uso wako ulipokuwa ukigusa huo usukani.

Sasa nisikilize. Hiyo raha nilikuwa naivua mlangoni. Nikifika nyumbani kwa shosho, nyanya yako, ambaye nilikuacha naye, nilikuwa nabadilisha uso. Nilikuwa natembea kama mtu aliyepigwa. Akina mama wa kanisa wakiuliza, "Mama Wairimu, hiyo kazi si ni ngumu kwa mwanamke?" nilikuwa nasema, "Nitafanya nini? Ni ada ya mtoto." Nao walikuwa wananishika mkono na kuniombea. Mwanamke anayeacha mtoto na kwenda Kigali kwa sababu ya ada anaombewa. Mwanamke anayeacha mtoto na kwenda Kigali kwa sababu anapenda gari anaitwa nini? Nilijua jina lake, sikutaka kuitwa hivyo. Kwa hivyo nikachukua maombi.

Na wewe nikakwambia hivyohivyo. Kila safari. "Mum anaenda kwa sababu yako, usome."

Nilikuwa naondoka alfajiri ukiwa umelala, na nilijiambia ni huruma, nisikuamshe. Siku moja jioni, ulikuwa darasa la pili, ulikuja ukasimama mbele yangu nikipanga begi. Ulikuwa umevaa lile gauni la manjano lililokuwa la binti ya shangazi yako. Ukasema polepole, kwa ile sauti yako ya kufikiri, "Mum, mimi sasa najua kusoma. Hata Kiingereza najua. Naweza kuacha shule, halafu wewe ubaki."

Nilicheka. Wairimu, nilicheka! Nikakubeba nikakuzungusha, nikakupa shilingi ishirini ya mandazi, na asubuhi nikaondoka kabla hujaamka. Tena Malaba tukiwa hotelini nikawasimulia madereva wenzangu. Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Kwa muda mrefu hiyo ilikuwa hadithi yangu nzuri ya mtoto wangu mwerevu.

Kilichonifungua macho ni mteremko wa Salgaa. Hii sijawahi kumwambia mtu, Otieno mwenyewe aliyekuwepo hakujua yote.

Ile lori ya bluu ilikuwa imenifundisha kuchukua mlima kwa mbio. Ukiwa na gari dhaifu unaanzia chini kabisa, unakanyaga mpaka mwisho, ili ufike juu kabla pumzi haijaisha. Mguu ukishazoea hivyo hauulizi tena kichwa. Siku hiyo natoka Uganda na kahawa, gari ina nguvu tele, na nikaukimbilia mlima wa mwisho vilevile kama niko Karatina na mchele. Haikuhitajika. Nikafika juu na mbio ambayo mwenye akili haingii nayo mteremkoni, na mara moja nikasikia trela inanisukuma mgongoni. Nikakanyaga breki, ikashika kidogo, nikakanyaga tena, na harufu ikaingia kabini. Ile harufu ya breki inayoungua ukiisikia mara moja huisahau. Otieno akafungua mlango wake akasimama kwenye ngazi, tayari kuruka.

Nikawasha breki ya injini, nikashusha gia moja, injini ikalia, nikashusha nyingine. Na muda huo wote nilikuwa naongea kwa sauti. Nilikuwa nasema, "Usikwaruzike, mama. Tafadhali usikwaruzike." Tulisimama karibu na wauza viazi, moshi unatoka kwa magurudumu, wanawake wamekimbia wameacha viazi vyao. Nikashuka nikakaa kwenye jiwe nikalia. Otieno akanipa maji akasema pole, ni hofu, itaisha.

Haikuwa hofu. Nililia kwa sababu nilisikia nilichokuwa nasema. Nilikuwa nikiiombea gari. Wewe sikukuita. Ulikuwa darasa la sita, na kama ningekufa pale wangeandika kwamba nimekufa nikikutafutia ada, na maneno ya mwisho ya mdomo wangu yalikuwa kuhusu rangi ya kichwa cha trela. Hapo ndipo nikajua kwamba ada ilikuwa kisingizio. Ada nilikuwa nalipa, ndiyo. Lakini ningepata kazi ya kuuza mchele hapa Wang'uru ningelipa vilevile, na nilipewa hiyo kazi mara mbili nikaikataa.

Kesho yake niliamka nikaendelea na safari. Sitaki ufikiri niliacha. Niliendesha mpaka macho yaliponikatalia, na wangenipa mengine leo ningepanda. Sijutii barabara hata siku moja. Ninachojutia ni kwamba nilikuwekea wewe mzigo ambao haukuwa wako.

Kwa sababu nilianza kukuangalia, na nikaona. Ulikuwa mtoto asiyeomba kitu. Shule ikienda matembezi ulikuwa unaficha ile barua ya kuomba pesa. Viatu vikikubana ulikuwa unanyamaza. Ukiwa wa pili darasani ulikuwa unakuja kuniomba msamaha! Shosho yako alikuwa anakusifu ati una adabu. Haikuwa adabu. Ulikuwa unajaribu kuwa mtoto wa bei nafuu ili mama yako arudi. Na mimi nilikuwa nalala Kampala kwenye kabini yangu, miguu juu, nasikiliza redio, nina raha.

Nilipaswa kukwambia siku hizo. Nikasema akikua. Ukakua, nikasema akizaa ataelewa. Ukazaa, ukampa mtoto jina langu kama inavyotakiwa, na tangu azaliwe unamwita maitu, mama yangu, kwa vile amechukua nafasi yangu. Napenda sana kukusikia ukimwita hivyo. Nikiwa chumbani huwa naitika.

Jana jioni niliitika. Ulikuwa kwenye mfereji unamwosha miguu, nikasikia, "Maitu, skiza." Nikaja mpaka mlangoni nikidhani unaniita mimi, kwa hivyo nilisikia yote. Ulimwambia, "Mimi naenda kwa sababu yako. Shule ni ghali. Mum hataki kwenda, lakini lazima." Naye akaangalia miguu yake ndani ya beseni. Ana miaka sita, Wairimu. Akasema, "Pole, Mum."

Nilirudi kitandani nikakaa. Sikulala vizuri, na hukuniuliza kwa nini asubuhi nilichoma uji.

Mum hataki kwenda! Wewe, ambaye Jumanne ulipangusa vumbi kwenye hiyo gari kwa mkono wa sweta yako! Wewe, ambaye umenionyesha video ya hiyo injini mpaka simu ikazima! Unataka kwenda mpaka hulali, nakusikia ukigeuka usiku kucha. Na ni sawa. Nani amekwambia ni vibaya? Wanaume wanaondoka hapa Kirinyaga kila siku wanapiga honi kwenye kona, na hakuna anayewauliza kama wanafurahia. Nenda ukiwa na furaha yako. Lakini usimwachie mtoto bili.

Sikwambii hivi kwa kuwa mimi ni mwema. Nakwambia kwa kuwa nimeona mwisho wake, na mwisho wake ni wewe. Juzi, mtu mzima na leseni yako mfukoni, uliniuliza kama unaweza kunywa maziwa yaliyobaki. Katika nyumba yako mwenyewe, uliyoijenga wewe. Uliomba ruhusa ya kunywa kikombe cha maziwa, na mimi nikageuka nikajifanya natafuta kijiko.

Na hao farasi wako, nikwambie na hilo wakati niko hapo. Wote ni wa kupanda mlima tu. Kwenye mteremko ukishachelewa hakuna hata mmoja anayekusaidia. Fika juu polepole, hata kama gari inakubembeleza uende. Itakubembeleza, naijua.

Nimesimamisha kuandika kidogo kwa sababu wajina wangu ameingia. Alikuwa nje anapalilia ile bustani yake ndogo ya majani ya kulisha mbuzi. Amenikuta na kalamu akashangaa, maana hajawahi kuniona nikiandika zaidi ya ujumbe wa simu.

"Shosho, unafanya nini?"

"Namwandikia mama yako."

"Unamwambia asiende?"

"Hapana. Namwambia aende."

Akakaa kwenye kile kiti kidogo. Akachokora udongo kwenye kucha. Kisha akaniuliza mbona mamake anaenda, na Wairimu, samahani, sikungoja wewe. Nimemwambia ukweli. Nimesema, "Anaenda kwa sababu anapenda sana kuendesha hiyo gari kubwa. Si kwa sababu ya shule yako. Wewe hujafanya kitu."

"Lakini amesema hataki."

"Anataka. Aliona haya kukwambia."

Akafikiri. Anafikiri kama wewe, anakunja uso wote. "Ananipenda mimi ama gari?"

"Anapenda wote wawili."

"Gani zaidi?"

"Wewe."

"Sasa mbona anaenda?"

Nikamwambia sijui, mpenzi wangu, hata mimi nilienda na sijui. Nilidhani atalia. Hakulia. Akauliza kama utaondoka akiwa amelala.

Nikasema hapana. Nimeahidi hilo kwa niaba yako bila kukuuliza, na hutanifanya mwongo kwa mtoto ambaye ana jina langu. Nikamwambia, "Atakuamsha, na atakwambia mwenyewe kwamba anapenda gari yake, na utamsindikiza mpaka kwenye geti."

"Na nikilia, atabaki?"

Hapo ndipo ningeweza kudanganya kidogo, Wairimu, ulimi ulikuwa tayari. Nikamwambia, "Hapana. Utalia, na ataenda."

Akasimama, akapangusa mikono kwenye gauni, akasema, "Basi nitalia kidogo." Akarudi kwenye bustani yake.

Kwa hivyo mwamshe. Mwambie. Akianza, usimnyamazishe, na usimwahidi kitu. Simama hapo hapo na hizo nywele zako mpya, mngoje amalize kulia, halafu upande gari yako uende.

Mama yako